Arobaini Mbili za Mama Mmoja

Maneno haya niliyasema Jumamosi mbele ya kina mama wa vikundi vya hisa hapa Muheza, mkoani Tanga. Wengi hawakuweza kufika, wengine walikuwa na wagonjwa, na wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, mama zangu, dada zangu, wanangu. Wakubwa, shikamooni. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeitwa nizungumze juu ya kulea. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Mama mkunga, wewe umetuzalisha sisi na watoto wetu, njoo utufundishe malezi." Nikakubali kwa furaha. Lakini usiku nilipokaa kupanga maneno, kalamu ilikataa. Mikono hii imepokea watoto kwa miaka 31. Wengi walilia. Wengine hawakulia. Na mama za hao ambao hawakulia sijawahi kuwasikia wakisemwa kwenye ukumbi wa namna hii, hata siku moja. Tunasema chanjo, tunasema lishe, tunasema ada. Wao tunawaruka. Leo nimekuja kuwasema wao.

Kabla sijaendelea, ninaomba jambo moja. Humu ndani yupo mama ambaye maneno yangu yatamgusa kidonda. Najua yupo. Akitaka kutoka apate hewa, atoke. Aliyekaa karibu naye amfuate, akae naye, asimuulize kitu.

Mwaka 1994 nilikuwa na mimba ya pili. Nilikuwa mkunga tayari, na nyumbani nina mtoto wa miaka mitatu. Mimba ilipofika wiki ya 38, jioni moja mtoto akaacha kucheza. Mimi, niliyekuwa nikiwaambia wanawake kila siku, "Mtoto akiacha kucheza usingoje kukuche, njoo hata usiku," nilingoja kukuche. Nilijiambia amelala. Hata baba yake sikumwambia. Asubuhi nikaenda hospitali. Mkunga mwenzangu akaweka kile kibomba cha kusikilizia tumboni, akakihamisha, akakihamisha tena. Nilijua kabla hajainua kichwa. Mimi mwenyewe niliwahi kukihamisha vile kwenye matumbo ya wengine.

Nilijifungua usiku uliofuata. Chumba kizima kimya. Wakamfunika, wakamtoa. Nikauliza, "Ni mtoto gani?" Nikajibiwa, "Dada, yanini kujitia uchungu?" Kwamba alikuwa msichana nilikuja kuambiwa na mama mkwe, siku nne baadaye. Wanaume walimzika mchana huohuo, mimi nikiwa bado wodini, kitanda cha kulia mtoto analia, kitanda cha kushoto mtoto ananyonya.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Sisi watu wa pwani tunalo neno moja ambalo tunalitumia mara mbili. Mwanamke akijifungua, tunasema yuko kwenye arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anapewa uji wa pilipili manga, anachinjiwa kuku. Hachoti maji, hafui, hapiki. Jina lenyewe tunambadilishia, tunamwita mzazi. Na mtu akifariki tunasema pia arobaini. Mkeka unatandikwa, majirani wanalala msibani, sufuria kubwa linapandishwa jikoni, na siku arobaini zikitimia watu wanarudi kuomba dua. Arobaini ya uzazi na arobaini ya msiba.

Mimi siku ile nilikuwa na zote mbili. Nilikuwa mzazi, na nilikuwa mfiwa. Je, nilipewa ipi?

Hakuna aliyenikanda, maana mtoto hayupo. Hakuna aliyetandika mkeka, maana wanasema mtoto hakuishi. Siku ya tano nilikuwa kwenye bomba na ndoo kichwani, damu ya uzazi bado inatoka, na watu wananipita wananisalimu, "Habari za asubuhi?" Nami najibu, "Nzuri."

Mama aliyefiwa na kichanga anatudai arobaini mbili, ndugu zangu. Anatudai mbili, na sisi tunamnyima zote mbili. Hilo ndilo lililonileta.

Msidhani tunazungumzia watu wawili watatu. Shirika la Afya Duniani linawahesabu watoto wanaozaliwa wamefariki kuanzia wiki ya 28 ya mimba, na kwa mwaka 2021 peke yake walikuwa karibu milioni 1.9 duniani kote. Hapo hujahesabu mimba zilizotoka mapema. Hujahesabu waliolia, wakanyonya siku mbili, wakaondoka. Sehemu kubwa ya misiba hiyo iko kwetu, Afrika kusini mwa Sahara, na Asia ya Kusini. Na sababu zake? Shinikizo la damu. Kondo kuachia kabla ya wakati. Malaria, kaswende. Uchungu uliochukua muda mrefu mno bila msaada. Mara nyingine sababu haionekani kabisa. Sikutaja jicho baya. Sikutaja mama kubeba kuni, wala kugombana na wifi yake. Mama anayejilaumu anahitaji kulisikia hili mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Mimi ule usiku mmoja niliongoja nimeutembeza kichwani miaka na miaka. Daktari alinieleza kwamba huenda mtoto alikuwa ameshaondoka kabla sijagundua. Nilihitaji kuambiwa hivyo siku ile. Niliambiwa miaka sita baadaye, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuuliza, na hakuna aliyefikiri kunieleza.

Nianze na arobaini ya kwanza, ya uzazi. Ya mwili.

Miaka michache kabla sijastaafu, binti mmoja aliletwa kituoni na shangazi yake. Alikuwa amejifungua siku tatu nyuma, mtoto amezaliwa amefariki. Kifuani amejifunga kanga tatu, amezikaza hadi anapumua kwa shida. Nikamfungua taratibu. Matiti yamejaa, yamekuwa magumu kama mawe, na maziwa yanachuruzika. Akaniambia, "Mama, nimelogwa. Mwili wangu unanicheka."

Mwili wake haukuwa unamcheka. Kondo la nyuma likishatoka, homoni iliyokuwa ikiyazuia maziwa inashuka ghafla, na kati ya siku ya pili na ya tano maziwa yanajaa. Matiti hayajui kilichotokea. Yanamwandalia mtoto chakula kama yalivyoumbwa. Kwa nini binti yule hakuambiwa kabla hajatoka hospitali? Neno moja tu, kwamba siku ya tatu maziwa yatakuja, lingemwondolea hofu ya uchawi juu ya msiba alionao.

Basi nawaambia ninyi, mkawaambie wengine. Avae sidiria inayomshika vizuri, asijikaze kwa kanga. Aweke kitambaa cha maji baridi, si ya moto, maana joto linayaita maziwa. Yakimzidia akamue kidogo, kiasi cha kupata nafuu tu, asiyamalize, kwa sababu titi likikamuliwa lote linatengeneza mengine. Panado zinasaidia maumivu. Akipata homa, au titi likawa jekundu na la moto upande mmoja, aende kituoni siku hiyohiyo. Kwa wengi, baada ya wiki moja au mbili maziwa hupungua yenyewe. Na siku yatakapokauka mama anaweza kulia upya, msishangae. Mimi nililia. Ndicho kitu cha mwisho nilichokuwa nacho kwa ajili yake.

Tena, huyu bado ni mzazi! Anaweza kutokwa na damu nyingi. Anaweza kupata homa ya uzazi. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata baada ya kujifungua, kikianza na kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Mama mwenye mtoto mchanga anarudi kliniki, anaangaliwa siku ya tatu, wiki ya kwanza au ya pili, wiki ya sita. Huyu wa kwetu harudi. Angerudije? Aende akapange foleni kwenye benchi lililojaa vichanga, aulizwe, "Kadi ya mtoto iko wapi?" Harudi, na wengine wamepotea hivyo. Msindikizeni. Mmoja wenu atangulie kwa nesi, amweleze pembeni, mama aingizwe bila kupitia kwenye lile benchi. Ni kazi ya dakika tano. Na mkandeni. Kwa maji ya uvuguvugu, siyo yale ya kuunguza watu. Mpikieni uji. Wengi wanaogopa kupeleka uji wa uzazi kwenye nyumba isiyo na mtoto, wanaona kama ni kumsimanga. Nawaapia, hakuna uji niliouhitaji kama ule ambao haukuletwa.

Arobaini ya pili ni ya msiba, na hapa tatizo letu ni mdomo.

"Wewe bado mdogo, utapata mwingine." "Shukuru hata umepona." "Heri ameondoka mapema, hujamzoea." Mmeyasikia? Mmeyasema? Hata mimi nimeyasema, nikiwa na gauni jeupe, kwa wanawake wengi, kabla hayajanifika. Hujamzoea! Nani amemzoea mtoto kuliko mwanamke aliyembeba miezi tisa? Wazee walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema mwana wa umri gani.

Nitawapa jambo moja la sayansi ambalo lilinifariji kuliko mahubiri mengi. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wakieleza kwamba chembe hai za mtoto hupita kwenye kondo na kuingia katika damu ya mama, na hubaki humo. Mwanamke mmoja walimkuta na chembe za mwanawe wa kiume miaka 27 baada ya kumzaa. Miaka ishirini na saba! Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini, nikakaa kimya. Kwa hiyo yule binti niliyenyimwa kumwona huenda alikuwa bado anatembea ndani yangu, wakati watu wananiambia nimsahau.

Basi tuseme nini? Sema, "Pole, mama." Sema, "Pole kwa kufiwa na mwanao." Mwanao, si "tatizo lililokupata". Uliza, "Mlimpa jina gani?" Kama hakupewa, hawajachelewa. Mashehe na mapadri niliowauliza hakuna aliyeniambia ni kosa kumpa jina; waulizeni wenu. Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahim akiwa bado ananyonya, akatokwa na machozi mbele ya watu, na hakuficha. Mimi wa kwangu ana jina. Baba yake na mimi tulipatana libaki la nyumbani, kwa hiyo sitalitaja hapa, lakini kila mwaka tarehe yake ikifika tunalitamka.

Baba yake, ndiyo. Mzee wangu alikuwa ameshanunua beseni la kumwogeshea, la rangi ya kijani. Niliporudi kutoka hospitali sikuliona, nikadhani kalirudisha dukani. Mwezi wa tatu nikamkuta nyuma ya nyumba usiku, kakaa juu ya tofali, beseni liko mapajani. Hakuwa amesema neno tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimekasirika moyoni kwamba haumii. Tukakaa wote pale mpaka alfajiri. Msiwasahau wanaume. Hawatawaambia.

Na watoto waliobaki! Mwanangu wa miaka mitatu aliniuliza, "Mama, mtoto yuko wapi?" Nikamwambia, "Amelala." Wiki nzima akawa anakataa kufunga macho usiku. Niliposhtuka nimefanya nini, nikamweka mapajani nikamwambia ukweli kwa maneno mafupi. Mtoto amekufa. Hatarudi. Wewe hujamfanya kitu. Mama analia kwa sababu anampenda, na wewe mama anakupenda. Akaniuliza kama anaweza kupata ndizi. Usiku ule akalala.

Kuna mama mwingine anayefiwa huku analea, naye ni yule anayefiwa na mama yake mwenyewe. Jirani yangu alifiwa na mama yake akiwa na mimba ya miezi saba. Msibani wakamwambia, "Usilie, utamdhuru mtoto." Akajikaza. Akazika bila chozi, akarudi. Alipojifungua, salama kabisa, mtoto wa kiume, ndipo maji yalipovunja ukingo. Usiku mtoto akilia, hajui kama ni tumbo au ni njaa, anachukua simu anapiga namba ya mama yake. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Alipiga kila usiku. Mumewe alidhani amechanganyikiwa.

Nani angemkanda? Mama hayupo, mama mkwe yuko mbali na mgonjwa. Siku ya nne alfajiri mlango ukabishwa. Alikuwa mama mmoja muuza vitumbua wa njia panda, hawana undugu wowote. Ameshika ndoo ya maji ya moto. Akasema, "Mama yako aliniuguzia mwanangu mwaka ule wa kipindupindu. Sikuwahi kumlipa. Sogea nipite." Alikuja kila alfajiri siku arobaini, baada ya hapo ndipo akaenda kuchoma vitumbua vyake. Na alipokuwa akimkanda alikuwa akimsimulia: mama yako alivyokuwa akicheza ngoma, mama yako alivyowahi kumfukuza mgambo kwa mwiko. Binti analia, anacheka, ananyonyesha. Kulia kwake hakukumdhuru mtoto. Kujikaza peke yake ndiko kulikokuwa kunamla yeye.

Sasa, ipo huzuni inayopita uwezo wa uji na kukandwa. Niwaambie dalili zake kama ninavyozijua kazini. Wiki mbili zimepita na zaidi, mama haamki kitandani, hali, halali hata akipata nafasi, hana hamu na mtoto wake aliyepo, anasema yeye hafai. Hiyo ni sonona, ni ugonjwa, una tiba. Akisema anatamani kufa, au anasikia sauti, usingoje kesho. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Mtasema wataalamu wa akili wako wapi huku kwetu. Ni kweli, ni wachache mno. Zimbabwe nao waliona hivyohivyo. Daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua kwa sababu hakuwa na nauli ya basi kufika hospitali. Mwaka 2006 akaenda Mbare, mtaa wa watu wa kawaida mjini Harare, akapewa kina bibi 14. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kulitatua tatizo lake hatua kwa hatua, wakikaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Kina bibi ndio waliomfundisha yeye maneno. Hawakusema sonona, walisema kwa Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi hatusemi hivyohivyo? "Fulani ana mawazo." Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa watu 573 katika kliniki 24 za Harare, na waliokaa na wasaidizi wa benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshavuka hadi Zanzibar. Nawatazama mama zangu mliokaa mbele hapa. Kwani ninyi hamjui kukaa na kusikiliza?

La sheria nitalipitia haraka. Aliyeajiriwa ajue kwamba sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, anastahili siku 84 nyingine. Wengi hawazidai kwa kutojua. Lakini wengi wetu hapa mwajiri wetu ni jembe na genge la machungwa. Likizo yetu tunapeana wenyewe.

Na hapo ndipo ninapotaka kukaa, mwenyekiti.

Juzi niliomba katiba ya kikundi chetu nikaisoma. Mfuko wa jamii unatoa rambirambi kwa mwanachama aliyefiwa na mume, mzazi, au mtoto. Nikamuuliza katibu, "Mtoto aliyezaliwa amefariki yumo?" Akaniambia, "Mama, hao huwa hatuhesabu, maana hawana matanga." Mwaka huu tumekuwa nao watatu kwenye kikundi hiki. Watatu. Mmoja alikuja kulipa hisa zake wiki iliyofuata, akakaa pale karibu na mlango, na sisi tukahesabu fedha.

Ninaomba kiongezwe kifungu. Mwanachama aliyefiwa na mtoto, awe amelia au hakulia, apewe rambirambi kama wengine. Wapangwe wanawake wawili wa kumkanda na kumpikia, kwa zamu, siku arobaini. Na mmoja amsindikize kliniki. Katibu, kalamu unayo. Mwenyekiti, naomba uliulize leo, watu wakiwa bado wapo. Wanaokubali wanyooshe mikono.